Simu, ya mezani au laptopu: ipi inafaa kukaa nyumbani kwako Kigoma?

Mama yangu mdogo anauza mawese sokoni Ujiji. Mwezi uliopita alinifuata dukani kwangu Mwanga, akakaa kwenye benchi la wateja, akafungua pindo la khanga na kuhesabu noti mpaka zikatimia laki tano. "Haya baba, nataka kompyuta ya nyumbani. Wewe ndiye mjuzi." Nikamuuliza ya kufanyia nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini.

Sikuwa namtania. Ninaendesha steshenari: nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, na jioni naitwa majumbani kufufua mashine zilizogoma. Karibu kila mashine ninayoifungua ilinunuliwa kwa namba alizozitaja muuzaji, "RAM nane, Core i5, hii ni moto bosi wangu", bila mtu kujiuliza nani ataikalia, saa ngapi, na kwa umeme gani. Mwisho wake mwenye kazi nyingi anapata mashine inayokwama, na asiye na kazi anapata mashine nzuri inayofunikwa kitambaa cha kudarizi sebuleni na kuwekewa maua ya plastiki juu.

Kwa hiyo nikamwambia tuanze na kazi, vyombo vitafuata.

Wanazifanyia nini hasa

Wengi wanazifanyia makaratasi. Dirisha la mikopo ya HESLB likifunguliwa, au nafasi zikitangazwa kwenye Ajira Portal, duka langu hujaa vijana wenye bahasha za kaki: huyu anaskani cheti cha kuzaliwa, yule PDF yake imekuwa nzito na mfumo haukubali, mwingine barua imeandikwa vizuri ila jina la mwajiri ni la ombi la mwaka jana. Mwenye kompyuta nyumbani hufanya hayo usiku ametulia, akaisoma barua yake mara tatu kabla ya kuituma. Humo humo kuna orodha za michango ya harusi, ratiba za ibada, risala za mahafali, na daftari la kikoba lililohamishiwa kwenye Excel ili mweka hazina asitiliwe shaka.

Halafu kuna burudani, na hapa watu hawasemi kweli. Mteja huniambia kompyuta ni ya masomo ya watoto. Nikiitwa kuitengeneza nakuta diski imejaa muvi zilizotafsiriwa, nyimbo, na gemu la mpira. Si aibu. Wala si tabia ya Kigoma. Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa kwa wingi huko nje, Apple II mwaka 1977, kisha Commodore 64 Marekani na ZX Spectrum Uingereza mwaka 1982, wazazi wengi walizinunua kwa hoja hiyo hiyo ya masomo na hesabu za nyumbani, na watoto wakazigeuza za gemu.

Ila mashine zile zilikuwa na jambo moja ambalo za leo hazina. Ukiichomeka Spectrum kwenye televisheni na kuiwasha, hupati picha wala vidude vya kubofya. Unapata BASIC, lugha ya kuandikia programu, inakusubiri uiamrishe, na hata kupakia gemu kutoka kwenye kaseti lazima uandike amri. Mtoto alijikuta anaandika programu kabla hajajua kwamba jambo hilo lina jina. Sisi wakati huo tulikuwa nje ya uwanja. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililolegezwa polepole miaka ya baadaye, na televisheni yenyewe huku bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kompyuta ilipotufikia ilikuwa tayari chombo cha ofisi, mali ya katibu muhtasi. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikuambia anajua kompyuta, ana maana anajua kuchapa.

Masomo nayo yapo kweli, hasa kwa nyumba yenye mtoto wa sekondari: vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, mitihani iliyopita, video za hesabu kama bando lipo. Na kuna kundi dogo ninalolipenda kuliko yote, la wanaoandika programu kwa kujifurahisha tu. Ninawajua watatu hapa mjini: fundi redio, mwalimu wa hisabati, na binti wa mama mdogo mwenyewe, ambaye kwangu ni mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Hakuna anayelipwa. (Maandishi ya programu, neno lake la kitaalamu ni msimbo. Vijana husema kodi, na siku moja nilimsikia baba mmoja akimkaripia mwanawe, "Unaandika kodi ya nani? Wewe ni TRA?")

Simu uliyo nayo tayari

Niseme wazi: kwa nyumba nyingi simu inatosha, na mimi kama muuza huduma sifaidiki kusema hivi. Kujaza fomu fupi, kusoma kitabu cha PDF, kutazama video, kutuma maombi yenye viambatisho viwili, simu ya kawaida inafanya. Haihangaiki umeme ukikatika. Hata programu unaandika: kuna Pydroid 3 inayoendesha Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Android bila intaneti ukishaipakua, na mdogo wangu aliitumia miezi mitano.

Inapokwama ni kwenye kuona na kuandika kwa muda mrefu. Kibodi ya kioo inameza nusu ya skrini, hivyo msimbo wenye mistari ishirini unauona sita kwa wakati mmoja. Jedwali la kikoba lenye safu kumi na mbili za miezi unalisogeza kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Halafu simu ni ya mtu mmoja. Mama mdogo akienda sokoni, simu inaenda naye, na programu ya binti inaenda sokoni.

Kuna njia ya kati ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haina faida kwao: nunua kibodi ya kawaida ya waya na kile kiunganishi kidogo cha OTG, uchomeke kwenye simu. Simu nyingi za Android zinaikubali papo hapo. Kwa mwanafunzi anayetaka kujua kwanza kama jambo hili linamkaa, ningeanzia hapo.

Ya mezani na laptopu, zote mtumba

Hapa ndipo ubishi ulipo. Nazungumzia mashine zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zikasafishwa na kuletwa Kariakoo, kisha zikapanda basi au treni mpaka kwetu. Kwa fedha ile ile, ya mezani inakupa nguvu zaidi, skrini kubwa zaidi, na kibodi isiyoumiza viganja. Laptopu inakupa betri. Kwa Kigoma betri si jambo dogo.

Waliokulia hapa enzi za majenereta ya dizeli, kabla ya Gridi ya Taifa, wanakumbuka kupanga maisha kwa ratiba ya mgao. Siku hizi hali ni nafuu, lakini umeme bado unakatika bila kubisha hodi, na masika yakianza radi za ziwani hazina mzaha. Ya mezani umeme ukikatika inazima hapo hapo. Ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Kwa hiyo bei ya kompyuta ya mezani hapa kwetu lazima uijumlishe na UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, hata ile ndogo inayokupa dakika kama kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Na betri ya UPS huchoka baada ya miaka miwili mitatu, nayo ina bei yake. Iwe ya mezani au laptopu, ichomoe ukutani mvua ya radi ikianza. Nimeshazika mashine nne zilizoachwa kwenye soketi wakati wa radi, moja ikiwa yangu.

Kwenye Luku tofauti ipo, ila si ya kutisha. Ya mezani pamoja na monita tuseme inakula wati 100 kwa kazi za kawaida. Ukiitumia saa tano kwa siku ni nusu uniti, uniti 15 kwa mwezi. Laptopu tuseme wati 30: kwa saa hizo hizo ni uniti nne na nusu. Kwa anayelipa shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni kama 5,300 dhidi ya 1,600 kwa mwezi. Anayepaswa kuangalia zaidi ni mwenye nyumba aliye kwenye daraja la D1, la bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwake ya mezani itakula moja ya tano ya posho hiyo, na akiwa tayari ana friji anaweza kujikuta amevuka mstari, na uniti zinazozidi huuzwa ghali.

Kwa hesabu hizo utadhani nitakuambia uchukue laptopu. Subiri.

Laptopu ina miguu. Imenunuliwa ya nyumbani, mwezi wa kwanza baba anaenda nayo kazini "kwa leo tu", wa pili shemeji ameiazima kuandikia ripoti, wa tatu iko Kasulu. Na shida ikiingia, kitu cha kwanza kupelekwa bondi ni laptopu, kwa sababu inabebeka na anayekopesha anaijua thamani yake. Sijawahi kumwona mtu akibeba monita na boksi la chuma akashuka nayo kwa bodaboda kwenda kuweka bondi. Ya mezani inabaki nyumbani, na kwa mtoto anayejifunza hicho ni kitu kikubwa kuliko RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya mashine. Anajua akirudi shule itakuwepo, na faili lake litakuwepo.

Kuna na suala la ugonjwa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 1,200 za reli. "Warantii ya miezi mitatu" ya duka la Kariakoo ni maneno matamu, lakini ukishalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, ukakaa wiki tatu unapiga simu, utaona faida yake. Mwaka juzi nilirudisha laptopu moja kwa muuzaji wa huko. Ilirudi na ugonjwa ule ule na chaja si yake. Ya mezani ikiugua, sehemu zake zinabadilishana na za mashine nyingine: RAM, diski, kibodi, hata kisanduku cha umeme mara nyingi unakipata kwenye mashine iliyokufa pale kwa fundi. Laptopu ikivunjika bawaba au kioo unatafuta cha modeli ile ile, na hapa kwetu jibu ni kuagiza.

Mfano mdogo. Mwalimu mmoja alinipigia simu kwamba kompyuta yake ya mezani "imelaaniwa": kila tovuti anayofungua inamwambia muunganisho si salama. Nikaenda na bisibisi. Tarehe kwenye kona ya skrini ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti zinapoona tarehe haiendani na vyeti vyao vya usalama hukataa kufunguka. Ndani, juu ya bodi, kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ilikuwa imekufa. Nilipachika mpya, nikaweka tarehe, nikanywa chai yake, nikaondoka. Kazi hiyo hiyo kwenye laptopu nyingi inakutaka ufungue mfuniko mzima wa chini, skrubu kumi na kitu, na mbili kati yake utazipoteza kwenye zulia.

Ukiamua laptopu hata hivyo, na wapo wanaopaswa, hasa mwanafunzi wa chuo na mtu wa kazi za kuhamahama, usiikague kwa kuisifia rangi. Washa, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na ufungue ripoti itakayotengenezwa. Utaona ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoweza kushika sasa. Ya mwisho niliyokagua iliandika 50,000 na 19,000: betri ya asilimia 38, yaani UPS yenye skrini. Muuzaji aliapa inakaa saa nne. Kisha fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila herufi, maana kibodi ya mtumba hufa herufi moja moja. Kunja na kukunjua kioo mara kumi. Na hakikisha haiombi nenosiri unapoingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, la sivyo umenunua mali ambayo mwenyewe bado anaishikilia ufunguo.

Jambo la Windows linagusa zote mbili. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ambazo kwa kampuni ya Intel huanzia kizazi cha nane. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha sita na cha saba zimemwagika sokoni. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Zile za zamani si takataka. Ukiweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, faili la usakinishaji kama GB 3 unaloweza kulipata kwenye flashi ya mtu, mashine ya kizazi cha sita yenye RAM 8 na diski ya SSD, ile isiyozunguka, inakimbia vizuri kabisa. LibreOffice, programu ya bure ya kuchapia, inafungua nyaraka za Word, ingawa mpangilio wa jedwali wakati mwingine unacheza. Ukituma barua ya kazi, itume kwa PDF. Anayetaka gemu fulani la mpira au programu za kutengeneza midundo kama FL Studio, huyo abaki na Windows na aongeze fedha afike kizazi cha nane. Wana kwaya mpo mnanisikia.

Sharti langu moja lisilo na mjadala ni SSD. Mashine dhaifu yenye SSD ni bora kuliko mashine kali yenye diski ya kuzunguka. Yale malalamiko ya "kompyuta yangu inachukua robo saa kuwaka" mara nyingi sana ni diski hiyo.

Laptopu mpya ya bei ya chini

Inang'aa, ina karatasi ya nailoni, na ndani ina RAM 4 na hifadhi ya GB 64, vyote vimechomelewa kwenye bodi. Windows peke yake inajaza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, masasisho yanakosa mahali pa kukaa, na huwezi kuongeza kitu. Usinunue. Afadhali mtumba wa ofisini mara tatu.

Raspberry Pi

Hii ni bodi ndogo kama kitambulisho, iliyobuniwa Uingereza na kutoka mwaka 2012 kwa dola 35, kusudi lake hasa likiwa kuwarudishia watoto ile hali ya kuchezea programu niliyoieleza juu. Unaichomeka kwenye televisheni, unaweka kibodi na mausi, unaiwasha, na Python imo ndani tayari. Ina pini 40 ambazo mtoto anaweza kuunganisha taa, kengele, kipima joto. Fundi redio niliyemtaja anayo; ameifanya imwagilie miche ya nyanya, na humwambia kila mgeni habari hiyo kabla ya kumkaribisha kiti.

Inakula umeme kiduchu, chini ya wati 10 kwa modeli ya 4, hivyo hata sola ndogo inaiendesha. Lakini kwa kompyuta ya kwanza ya familia siipendekezi hapa. Lazima uiagize, na ukishajumlisha adapta yake, kadi ya kumbukumbu na kasha, unakuwa umeikaribia bei ya mashine kamili ya mtumba. Tena umeme ukikatika ghafla wakati inaandika kwenye kadi, kadi inaweza kuharibika na mfumo mzima ukaondoka. Kama kompyuta ya pili, ya mtu mwenye mikono ya utundu, haina mpinzani.

Kama lengo ni kuandika programu

Nguvu ya mashine hapa haina maana sana, na watu hawaniamini. Kisakinishi cha Python hakifiki MB 50. Scratch, ile ya watoto iliyotengenezwa chuo cha MIT Marekani na kutolewa mwaka 2007, inakuja na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na ina toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila bando. Kwa mtoto wa darasa la nne au la tano ningeanza na hiyo: anaburuta vipande, paka anatembea, anacheka, anaendelea. Kidato cha kwanza na kuendelea, Python.

Anachohitaji mtu ni kibodi halisi, skrini anayoiona bila kukunja uso, na muda wa kukosea bila mtu kumnyang'anya mashine. Tuliona mfano siku hiyo hiyo ya laki tano. Mdogo wangu alikuja kumpitia mama yake, akaomba akae kwenye kompyuta ya dukani. Alikuwa na programu yake ya kikoba cha mama, aliyoiandika kwenye simu, ya kukokotoa adhabu: anayechelewesha rejesho hulilipa mara mbili. Mistari miwili tu:

deni = input("Deni: ")
print("Utalipa:", deni * 2)

Mama mdogo akataka kuona. Akaambiwa ataje deni la mtu, akataja elfu hamsini. Binti akaandika 50000, akabonyeza. Kompyuta ikajibu: Utalipa: 5000050000.

Kukawa kimya. Mama mdogo akahesabu tarakimu kwa kidole juu ya kioo. "Bilioni tano?" akasema. "Mwanangu, hata mawese yote ya Kigoma hayafiki."

Kosa lenyewe ni la kila anayeanza. Kile kinachopokelewa na input ni maandishi, si namba, hata ukiandika tarakimu. Na maandishi ukiyazidisha kwa mbili, Python inayarudia mara mbili: 50000 na 50000 vimeshikana mkono. Sikumwambia jibu; nilimwambia ajaribu kuzidisha kwa tatu aone. Alipoona elfu hamsini tatu zimepanga foleni akashika kichwa, akarekebisha mwenyewe kwa int, inayogeuza maandishi kuwa namba:

deni = int(input("Deni: "))

Ikatoka 100000. Alikuwa amelitafuta kosa hilo kwenye simu kwa wiki mbili. Jibu alikuwa analipata kila siku, lakini kwenye simu alijaribu kwa namba ndogo, 5 na 7, akaona 55 na 77, akadhani ni kioo kimebonyezwa mara mbili.

Tulichochagua

Mama mdogo alikuja na wazo la laptopu, kwa sababu ndiyo anayoiona mikononi mwa watu wa benki. Nikamuuliza mambo matatu. Kikoba kinakutana wapi? Nyumbani kwake, chini ya mwembe, umbali wa ekstensheni moja. Nani mwingine atataka kuibeba? Akafikiri, akamtaja mtoto wake mkubwa wa kiume, akanyamaza. Luku yake inasomaje kwa mwezi? Uniti arobaini na kitu, hana friji.

Akachukua ya mezani: kizazi cha sita, RAM 8, SSD ya GB 256, monita ya inchi 19, UPS ndogo. Nimemwekea Linux Mint, LibreOffice, Scratch kwa ajili ya mdogo wao wa darasa la tatu, na Python. Ikabaki chenji iliyomlipa seremala wa Gungu meza ya mbao yenye droo. Angekuwa na binti anayeanza chuo mwakani, ningemwambia aongeze fedha achukue laptopu ya kizazi cha nane, na suala la mtoto wa kiume tungelitafutia kufuli.

Nimepita kwake Jumapili. Binti amebandika karatasi ukutani juu ya monita: Jumatatu hadi Ijumaa saa 12 hadi 2 usiku yeye, kisha mama na hesabu zake, Jumamosi muvi. Kaka hana zamu, amelalamika. Kitambaa cha kudarizi kimeshafika, cheupe chenye maua mekundu. Nimemwomba mama mdogo asikiweke mashine ikiwa inawaka, na kisizibe matundu ya nyuma. Kasema amesikia.